Vidole Kooni

Nilipokuwa kidato cha kwanza, mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tuweke vidole viwili kooni. "Tamkeni /s/," akasema. Tukapiga sss kama darasa zima la nyoka. Koo likabaki kimya. "Haya, /z/ sasa." Zzz, na vidole vikatetemeka. Ndipo akatueleza tofauti ya sauti sighuna na sauti ghuna: kwenye ghuna nyuzi za sauti hutetemeka, kwenye sighuna hutulia. Wenzangu walicheka na kuendelea kunguruma hadi kengele ikalia. Mimi niliondoa vidole upesi. Nilikuwa na miaka 14, sauti yangu ilikuwa imeanza kuvunjika, na kila wiki ilishuka ngazi moja kuelekea mahali ambapo sikutaka kuishi.

Miaka 13 baadaye nilivirudisha vidole pale pale. Ilikuwa saa saba usiku, kwenye chumba cha kupanga mtaani Umoja, blanketi limefunika kichwa ili jirani asisikie. Simu ilikuwa ikicheza video ya mtu wa ng'ambo anayefundisha jinsi ya kupandisha sauti. Nikamwiga. Nilibana koo, nikavuta zoloto juu kama mtu aliyeanza kumeza mate akasahau kumaliza, kisha nikasema kwa sauti nyembamba ya kitoto: "Hallo, habari yako?"

Mimi ni mwanamke transjenda. Nilipozaliwa niliandikwa mvulana, na nimekua nikijua kwamba maandishi yale yalikosea. Leo sitaki kubishana na mtu kuhusu hilo. Nataka kueleza kilicholipata koo langu, na nilichokutana nacho nilipoanza kuuliza ni nani wengine, kabla yangu, waliowahi kubadilisha sauti au kubadilishiwa, na kwa gharama gani.

Kazi yangu ni kuuza viatu vya mitumba. Alfajiri niko Gikomba, saa nne nimeshapiga picha na kuzipakia mtandaoni, mchana nasubiri wateja. Kwenye picha sina shida. Nikipeleka mzigo mlangoni, nguo na nywele hujibu swali kabla halijaulizwa. Taabu ni simu ikilia.

Hebu fikiria. Kiswahili hakitenganishi mke na mume kwenye vitenzi wala viwakilishi. "Amefika," "anauza," "yeye": anaweza kuwa yeyote. Ukisoma ujumbe wangu hutajua lolote. Lakini Mkenya akipokea simu lazima akuite kitu: dada, kaka, mum, boss, auntie, buda. Sarufi imetuachia uhuru, mazungumzo yametunyang'anya. Na kwenye simu, ambako hakuna uso, kinachoamua uitwe nani ni ile "hallo" ya kwanza. Mteja ameandikiana na "Dada wa Viatu" asubuhi nzima, kisha anapiga na kusikia besi. Kimya. "Aki pole, nadhani nimekosea namba." Kiatu kinabaki.

Kwa hiyo nilijitengenezea sauti ya wateja. Lakini laini ilipofungwa na nikapiga kwa wahudumu wa kampuni ya simu, sauti ile ile ikaniletea balaa. Nilijibu maswali yote ya usalama, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, mtu wa mwisho niliyemtumia pesa. Dada wa upande wa pili akasema, "Hii laini imesajiliwa kwa jina la mwanamume. Mwambie mwenyewe apige." Nikakata, nikakohoa, nikapiga tena na sauti ya zamani. "Sawa kaka, nikusaidie vipi?"

Kisha kuna shosho. Shosho yangu anaishi upande wa Othaya, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili kiasi kwamba wajukuu tunatambulikana kwa sauti tu. Kila Jumapili jioni anapiga, na kila Jumapili jioni nilishusha sauti hadi ile anayoijua. Ikawa kwa siku moja naweza kupanda na kushuka mara ishirini: mteja juu, kampuni chini, mteja juu, shosho chini.

Mwezi wa tano koo likaanza kukwaruza. Kufikia saa kumi jioni nilisikia kama nimemeza ugali mkavu ukakwama. Nilikunywa asali, tangawizi, ndimu, kila dawa ya jikoni niliyoijua. Asubuhi moja nikafungua mdomo kumjibu mteja na hakikutoka kitu. Si sauti ya juu, si ya chini. Hewa tu. Nikanong'ona kwa wiki nzima nikidhani ninalipumzisha koo, kumbe kunong'ona kwa nguvu nako ni kulitesa.

Daktari wa masikio, pua na koo niliyempata alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Aliingiza kamera nyembamba kupitia puani, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kwa mara ya kwanza nikaona kile nilichokuwa nikikigusa kwa nje tangu kidato cha kwanza: nyuzi mbili fupi zilizokaa kama herufi V, zikifunguka na kufunga. Zinapaswa kuwa nyeupe kama lulu. Zangu zilikuwa nyekundu na zimevimba.

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza viatu."

"Unaita wateja sokoni?"

"Hapana."

Akangoja. Nikamweleza, kwa mnong'ono, kila kitu. Hakushtuka. Akasema, "Wiki hii nimeona mhubiri, mwalimu wa darasa la tatu na makanga. Wewe ni wa nne. Nyuzi zenu zinafanana. Tofauti ni kwamba wale hawakuona haya kuniambia wanatumiaje sauti."

Aliniamuru nikae kimya siku 14. Huwezi kuuza kitu kwa simu ukiwa kimya, basi nikasoma.

Nilianza na kile kioo. Kumbe aliyetufungulia njia ya kuona nyuzi za sauti zikifanya kazi hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa kuimba. Manuel García alizaliwa mwaka 1805 katika ukoo wa waimbaji wa Kihispania. Mwaka 1825, akiwa na miaka 20, alikuwa jukwaani New York katika kundi la opera la baba yake. Lakini sauti yake haikustahimili maisha yale, akaacha jukwaa mapema akawa mwalimu. Siku moja mwaka 1854 alikuwa akitembea Paris akaona jua likimulika kwenye vioo vya madirisha, wazo likamjia. Akanunua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha kwenye maji moto ili kisiingie ukungu, akakiweka nyuma ya koo, na kwa kioo cha pili akaelekeza mwanga wa jua ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe. Mwaka uliofuata ripoti yake ilisomwa mbele ya Royal Society ya London. Aliishi hadi mwaka 1906, akiwa ametimiza miaka 101.

Hilo lilinituliza kwa namna ambayo sikuitegemea. Mtu aliyetufungulia njia ya kuchungulia mahali pale alikuwa mtu ambaye koo lake lilimwangusha, akataka kujua kwa nini.

Kisha nikasoma habari iliyonikosesha usingizi. Kwa zaidi ya miaka 200 huko Italia wavulana wenye sauti nzuri walihasiwa kabla ya kubaleghe ili sauti isishuke. Wanawake walikatazwa kuimba katika kwaya za kanisa, na sauti za juu zilihitajika, basi zikatafutwa kwa kisu. Wachache walipata utajiri, kama Carlo Broschi aliyejulikana kama Farinelli. Walio wengi hatujui hata majina yao. Wa mwisho kwenye kwaya ya Papa aliyerekodiwa akiimba peke yake ni Alessandro Moreschi. Walimrekodi Roma mwaka 1902 na tena 1904, akafariki mwaka 1922. Rekodi zake bado zipo. Nilizisikiliza usiku, na ni vigumu kueleza: mapafu ya mtu mzima yakisukuma hewa kupitia nyuzi ambazo hazikuwahi kukua.

Sitaki kumfananisha Moreschi nami. Yeye hakuchagua. Aliamuliwa akiwa mtoto, na watu wazima. Lakini koo lake linathibitisha jambo moja la kimwili. Kinachoshusha sauti ya kijana ni homoni ya testosteroni inayorefusha na kunenepesha nyuzi zile, na kulitanua zoloto. Isipofika, sauti haishuki. Ikishafika, imefika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vidonge vyangu vya estrojeni, ambavyo nilivingoja kwa hamu miaka mingi, havikuigusa sauti. Estrojeni hailainishi koo lililokwisha kukua, kama vile mvua haiurudishi mhindi uliokomaa uwe mche.

Kwa wanaume transjenda mambo huenda kinyume. Testosteroni ilitengenezwa maabara mwaka 1935. Miaka minne tu baadaye, Uingereza, mtu aliyeandikwa msichana alipozaliwa mwaka 1915 aliipata kwa njia ya vidonge. Huyo ni Michael Dillon. Alikuwa akifanya kazi gereji mjini Bristol wakati wa vita. Ndevu zikaota, sauti ikashuka, na taratibu wateja waliokuja na magari wakaona fundi mwanamume tu. Mwaka 1944 cheti chake cha kuzaliwa kilirekebishwa. Akasomea udaktari Dublin. Mwaka 1946 alichapisha kitabu akitetea kwamba pale ambapo akili haiwezi kubadilishwa ilingane na mwili, basi mwili ubadilishwe ulingane na akili. Lakini juu ya maisha yake mwenyewe hakusema neno. Alikaa na siri hiyo hadi mwaka 1958, vitabu viwili vya orodha ya watu wa koo za kikabaila vilipotofautiana kuhusu jinsia yake na magazeti yakamvamia. Akakimbilia India, akaingia utawa wa Kibudha, akafariki huko mwaka 1962. Sauti yake haikumsaliti. Karatasi ndiyo iliyomsaliti.

Wakati Dillon akijificha, Christine Jorgensen alikuwa amefanywa habari ya dunia. Alikuwa mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyetibiwa Denmark, na tarehe 1 Desemba 1952 gazeti moja la New York lilimweka ukurasa wa kwanza. Waandishi walimpima kuanzia nywele hadi sauti. Hakuwa na wataalamu wa kumfunza kuongea, kwa kuwa taaluma hiyo kwa watu kama sisi haikuwapo. Alichofanya ni kupanda jukwaani kwenye vilabu vya usiku na kuimba mbele ya watu waliolipa kuja kumkagua. Mimi nilishindwa kupokea simu ya mteja wa raba za shilingi mia nane.

Upasuaji ulikuja baadaye. Mwaka 1974 Nobuhiko Isshiki, daktari wa Kyoto, Japani, alichapisha njia nne za kurekebisha zoloto. Mojawapo huzivuta nyuzi ziwe zimekazwa, kama unavyokaza waya wa gitaa, ili sauti ipande. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jürgen Wendler wa Berlin akaja na njia nyingine: kushona sehemu ya mbele ya nyuzi zote mbili pamoja ili inayotetemeka iwe fupi. Waya mfupi, sauti ya juu. Nilisoma nikiwa nimeshika koo. Ni kazi ya ustadi na imewasaidia wengi. Lakini kisu kinaweza kushindwa, kinaweza kupunguza nguvu ya sauti, na hakikufundishi kuongea.

Siku 14 zilipoisha, daktari alinielekeza kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Nchini kwetu wataalamu hawa ni wachache mno, na kila kikao kilinigharimu faida ya jozi tatu za viatu. Alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo, aliyezoea kuwasaidia watoto wenye kigugumizi na wazee waliopooza. Aliniambia wazi siku ya kwanza: "Sijawahi kumfunza mtu kama wewe. Lakini koo ni koo. Tutasoma pamoja."

Alinifunza kwamba nilikuwa nikipigana vita visivyofaa. Nilidhani sauti ya kike ni sauti ya juu, basi. Ni kweli nyuzi za mwanamume hutetemeka kwa wastani mara 120 hivi kwa sekunde akizungumza, na za mwanamke karibu mara 200. Lakini sikio halihesabu mitetemo peke yake. Linasikia ukubwa wa chumba. Njia ya sauti kutoka kwenye nyuzi hadi midomoni ni kama sentimita 17 kwa mwanamume na 14 au 15 kwa mwanamke, na chumba kidogo huitikia tofauti na chumba kikubwa, kama vile mtungi mdogo usivyolia kama pipa. Ulimi ukisogea mbele kidogo na midomo ikilegea kama ya mtu anayekaribia kutabasamu, chumba kinapungua bila kubana koo. Kisha kuna kiimbo, mahali unapopumulia, urefu wa irabu. "Ulikuwa ukipandisha bei," akasema, "bila kubadilisha kiatu."

Tulifanya mambo ambayo jirani angeniona kichaa. Kuvumisha mmm nikiwa nimefunga mdomo. Kutoa sauti kupitia mrija uliotumbukizwa kwenye glasi ya maji hadi mapovu yatoke, ambako hurudisha shinikizo kidogo na kuzifanya nyuzi zigusane kwa upole. Kusoma bei za viatu kwa sauti. Na kila mara, vidole viwili kooni. Nikihisi zoloto limepanda na kukaza, nisimame, nipumue, nianze upya. Jirani alisikia, bila shaka. Siku ya tatu aligonga mlango. Nikajiandaa kwa matusi. "Siste, uko kwaya gani?"

Nilimkumbuka Siti binti Saad wa Zanzibar, binti wa ukoo wa watumwa aliyekuwa akitembeza vyungu vya kuuza kabla ya kufunzwa uimbaji mjini, na mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Hakuna anayeuliza kama sauti ya Siti baada ya mafunzo ilikuwa "ya kweli" au "ya kuigiza." Tunasema alijifunza. Mhubiri anayekwaruza Jumatatu tunasema amefanya kazi ya Mungu. Makanga tunasema anatafuta riziki. Watu wamezifinyanga sauti zao tangu zamani kwa ajili ya kazi, ibada na heshima, na koo zao zinaponwa kwa sababu wanaweza kuingia kwa daktari na kusema: natumia sauti yangu hivi. Kilichoniumiza mimi kilianzia chini ya lile blanketi.

Sisemi kwamba kutoka chini yake ni rahisi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Nilikuwa bado shuleni na niliisoma habari ile kwenye gazeti lililofungia nyama. Nilidhani kuanzia siku hiyo kila kitu kitakuwa rahisi. Lakini hukumu ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja, na kitambulisho changu bado kina jina lile lile. Laini ikifungwa, bado namtafuta yule "kaka." Tofauti ni kwamba siku hizi namtafuta mara moja kwa mwezi, si mara ishirini kwa siku, na nikimaliza nakunywa maji na kufanya mmm dakika tano.

Kwa wateja naongea kwa sauti yangu. Si nyembamba kama nilivyoota. Ina uzito kidogo chini, kama ya shangazi aliyelelewa kwenye moshi wa kuni. Wengine bado huniita boss. Nauza viatu.

Shosho ndiye niliyemwogopa hadi mwisho. Miezi minane niliendelea kumshushia sauti kila Jumapili, na kila Jumatatu koo liliniuma. Mtaalamu aligundua kabla sijamwambia. "Jumapili unaongea na nani?" akauliza. Nilimwambia kwamba nikibadilisha sauti, shosho hatakuwa na chochote cha kunijulia. Macho hana. Hakunijibu. Akanisogezea glasi na mrija.

Jumapili iliyofuata simu ililia saa kumi na mbili na robo, kama kawaida. Niliweka vidole kooni. Zoloto limetulia. Nikapokea.

"Shosho, ni mimi."

Akanyamaza. Nilisikia kuku wake nyuma, na mtu akipasua kuni. Nikahesabu hadi sita.

"Ile homa ya koo imekuacha," akasema. "Mwaka mzima nilikuwa nakusikia kama mtu amebeba gunia. Umekula?"

"Bado, shosho."

"Kula kwanza, halafu tuongee."